Mikono Iliyofundisha Kamera

Wanawake kumi na wawili wa chumba cha cherehani walikuwa na raha moja ambayo hakuna mwingine pale kiwandani aliyekuwa nayo. Waliweza kumsema bosi mbele ya bosi. Kiwanda chenyewe kilikuwa cha magodoro, nje kidogo ya mji wa Thika, na kelele zake zilikuwa za kutoboa masikio. Ndiyo maana wenye kiwanda waliajiri viziwi kushona makava. Wanaosikia walikuwa wakikaa miezi sita, wanaanza kuumwa kichwa, wanaenda zao. Viziwi walikaa miaka. Wageni wakija kutembezwa, wasimamizi walijigamba kwamba kiwanda kina moyo wa huruma. Huruma gani! Walijua walichokuwa wakifanya.

Basi wale wanawake walishona na kuongea. Mguu uko kwenye cherehani, kitambaa kinasukumwa kwa kiwiko, mikono ikipata nafasi kidogo tu inaruka hewani. Waliongea kutoka safu ya kwanza hadi ya mwisho, juu ya vichwa vya watu, na msimamizi Gachau alipita katikati ya mazungumzo bila kujua kwamba suruali yake mpya ilikuwa imeshachambuliwa mpaka ikabaki uzi.

Zubeida alikuwa ameshona pale miaka kumi na minne. Alizaliwa Majengo, Thika, mama yake akiuza mahamri na viazi karai. Homa ya uti wa mgongo ilimchukua masikio akiwa na miaka minne, ikamwachia macho ambayo hayakupitwa na kitu. Alipelekwa shule ya bweni ya viziwi, mojawapo ya zile za zamani ambako mwalimu alitaka watoto wasome midomo na kutoa sauti, na mtoto akipatikana akiongea kwa mikono, mikono yenyewe ilikamatwa ikachapwa rula. Mpaka leo, ukitaka kumtukana kiziwi wa rika lake, mshike mikono. Hakuna tusi linalopita hilo. Aliolewa, akamzaa Firdaus, akaachika, akahamia Kiuu upande wa Ruiru, na kila alfajiri alirudi Thika kushona. Majirani wa ploti walimwita Mama Firdaus na kumpungia mkono tu, wakidhani salamu nyingine hawezi. Wangejua! Huyo mama alikuwa msemaji. Akianza kisa, wenzake walisahau kumeza chakula.

Na huo usemaji ndio uliompeleka kwa Mansi.

Mansi alikuwa binti wa familia moja ya Kihindi yenye duka la vyuma Thika, amesoma mambo ya kompyuta, amerudi na ofisi yake ghorofa ya pili pale Kamakis, upande wa Ruiru, juu ya jiko la nyama choma. Alitaka kuifundisha kompyuta kutazama video ya mtu akiongea kwa ishara na kuandika anachosema. Alimweleza Zubeida mwenyewe, kwa ishara za kujikongoja, siku ya kwanza: mama kiziwi aende hospitali peke yake, aonyeshe simu tu, daktari asome. Hakuwa akidanganya. Tusimsingizie msichana wa watu. Zubeida alikumbuka jinsi Firdaus alivyolazimika kumwambia daktari habari za tumbo la uzazi la mama yake akiwa mtoto wa miaka tisa, na aibu ya siku ile ikamrudia usoni. Alitia sahihi fomu ya kurasa sita za Kiingereza bila kusoma hata moja.

Kwa mwaka mzima, siku za mapumziko yake, Zubeida alisimama mbele ya ukuta mweupe akiwa na blauzi nyeusi. Maji. Mgonjwa. Mlango. Leo. Kesho. Kila ishara mara kumi, polepole, haraka, ameketi, amesimama. Aliyemwongoza alikuwa Ayub, kijana anayesikia ambaye wazazi wake wote wawili walikuwa viziwi. Ayub alijua kuongea kwa mikono kabla ya kujua kuongea kwa mdomo. Mikono yake haikuwa na lafudhi. Zubeida alimpenda tangu siku ya kwanza, na kwa viziwi mtoto kama huyo si mgeni. Huyo ni wa ndani. Humfichi kitu, kama usivyomficha mtoto wako.

Hapo ndipo shida ilipoingilia.

Maneno yalipokwisha, Ayub alimwambia, "Sasa Mama Firdaus, piga stori. Ongea kama unavyoongea na wenzako kazini." Haiya, kumwambia Zubeida apige stori! Aliongea wiki tatu. Aliwaongelea wote: nani kagombana na mume, nani anakula mara mbili, nani alilala kwenye cherehani akaamka na kidevu chenye alama ya sindano. Kompyuta ilifuata kiasi, lakini ikifika mahali fulani inakwama. Ayub alirudisha video nyuma, akaona. Zubeida alikuwa amegusa kidevu mara mbili.

"Hilo ni jina la mtu," Ayub alisema. "La nani?"

Kila kiziwi ana jina lake la ishara. Hajipi mwenyewe, na anayesikia hawezi kumpa. Hupewa na wenzake, kutokana na kovu au tabia au jambo alilowahi kufanya, na likishamkaa, limemkaa. Na kuna adabu yake, ambayo hakuna mtu aliyeiandika popote: wa nje haambiwi jina lipi ni la nani. Shuleni mwalimu aliwahi kuwapanga wasichana ishirini kwenye jua akitaka kujua anayeitwa "shavu" ni nani, aliyeiba sukari. Walikaa kwenye jua mpaka wawili wakaanguka. Hakuna aliyesema.

Lakini Ayub si wa nje. Zubeida hakusita hata kidogo. Alimwandikia kwa vidole, herufi moja moja: N-Y-A-W-I-R-A. Akaona hata anafanya jambo la maana, kwa hiyo akaendelea na wengine, kumi na mmoja wote, na lake la kumi na mbili. Jioni hiyo alirudi Kiuu akiwa na furaha ya mtu aliyewaombea wenzake kitu kizuri.

Mwezi wa tatu, moshi ulitoka kwenye kona ya gundi.

King'ora kililia, waliosikia wakakimbia mbele. Viziwi waliendelea kushona. Nyawira ndiye aliyeinua macho akaona weusi unatambaa darini, akapiga meza kwa ngumi mpaka wote wakahisi mtikisiko miguuni. Waliukimbilia mlango wa nyuma, ule wa dharura, uliokuwa hatua kumi tu kutoka kwao. Ulikuwa umefungwa kwa kufuli kubwa, kwa sababu vitambaa vilikuwa vikiibwa. Walirudi katikati ya moshi wakatokea mbele, wakimburuta mwenzao Kaluki ambaye alikuwa amezirai. Moto ulizimwa kwa ndoo tatu za mchanga. Gachau aliandika kwenye ubao wa matangazo kwamba hakuna aliyeumia. Sponji ya magodoro ikishika moto sawasawa, watu hawapewi nafasi ya kurudi. Hilo walilijua wote, na Gachau alilijua kuwashinda.

Kufuli likabaki. Afisa wa usalama wa kazi akija kukagua, Gachau alilitoa asubuhi, afisa akaandika kwamba mlango uko wazi, na afisa akiondoka tu linarudi. Nyawira, mwanamke mfupi asiyecheka ovyo, ndiye aliyesema sasa basi. Aliingiza simu kwa kuificha ndani ya soksi, ingawa simu zote huachwa getini kwenye kabati lenye visanduku vyenye namba, akalipiga picha lile kufuli kwa siku nne mfululizo. Picha zilikuwa na tarehe. Afisa alitarajiwa Jumanne. Ijumaa walikubaliana, kwa mikono, wazi kabisa, katikati ya chumba: Jumatatu wakati wa chakula cha mchana wapange nani atamshughulisha Gachau, na Nyawira atamfikiaje afisa na ile simu. Juu yao dari ilikuwa na kamera nne mpya. Waliambiwa ni za wezi wa vitambaa. Hawakuziangalia mara mbili. Nani aliwahi kuielewa mikono yao?

Jumatatu hiyo Zubeida alikuwa na ruhusa, akaenda Kamakis. Ayub alimpokea mlangoni uso unang'aa.

"Mama Firdaus, njoo uone mtoto wako anavyoongea."

Alimketisha mbele ya kompyuta, akawasha video. Ilikuwa imepigwa kutoka juu. Wanawake wameinama, mikono inaruka. Na chini, maneno yalikuwa yakijitokeza yenyewe, mengine mabovu, mengine yameachwa nafasi tupu, lakini yanasomeka: NYAWIRA. PICHA. KUFULI. AFISA. JUMANNE.

Furaha ndiyo iliyomjia kwanza. Inaelewa! Mwaka mzima wa kusimama mbele ya ukuta haukupotea. Alipiga makofi. Furaha hiyo ilikaa labda muda wa kuvuta pumzi mbili, na baadaye hakuweza kujisamehe hizo pumzi mbili. Kisha akaiona kwenye video cherehani yenye utepe mwekundu. Ilikuwa yake. Mwanamke aliyeketi pale, aliyeinua mkono Ijumaa kukubali, alikuwa yeye mwenyewe.

"Hiki ni kiwanda chetu," alisema.

"Eeh. Ndio wateja wetu wa kwanza. Walituletea video tuijaribu." Ayub alikuwa bado anatabasamu. "Wanasema wanataka kuwaelewa wafanyakazi wao viziwi."

"Nani anasoma?"

"Msimamizi wao. Bwana Gachau."

"Hii ameisoma?"

"Hii ya Ijumaa bado. Mimi huitazama kwanza nirekebishe makosa, ndipo naituma." Aliitazama video tena, safari hii akisoma maneno badala ya kuhesabu makosa. Tabasamu lilimtoka. "Mama Firdaus. Hilo kufuli ni la nini?"

Alimwambia. Alimwambia yote, kwa haraka hata ikambidi arudie maneno. Ayub alishika kichwa. Akasema anaweza kuiandikia ile ya Ijumaa kuwa haieleweki, na akaiandikia palepale. Kisha akasema lililobaki, na alilisema akitazama chini, jambo ambalo mtoto wa viziwi hafanyi, kwa kuwa unamfungia mwenzako mlango wa macho.

"Kuanzia leo saa nne haipiti tena kwangu. Wamewekewa kwao. Kamera ikiona, maneno yanaenda moja kwa moja kwenye simu yake. Siwezi kuizima. Iko mikononi mwao."

Ilikuwa saa tano na nusu. Chakula cha mchana kilikuwa saa saba.

Zubeida alimrekodia Nyawira video ya WhatsApp palepale: usiongee, kamera zinasoma, waambie wote. Ikatoka tiki moja. Bila shaka tiki moja. Simu ya Nyawira ilikuwa imelala kwenye kisanduku cha getini. Akachukua karatasi kwenye meza ya Ayub, akaandika kwa herufi kubwa, KAMERA INASOMA MIKONO, akaitia mkobani, akatoka mbio bila kuaga. Ayub alimfuata mpaka barabarani, akamtafutia boda mpaka stegi ya matatu. Mansi hakuwa ofisini. Pengine angalisaidia. Pengine angalisema tusiharakishe mambo.

Alifika getini saa saba na dakika tano. Soja alishangaa, leo si una ruhusa? Zubeida aliigiza kwamba amesahau miwani. Mama wa kupekua alimpapasa haraka, akachukua simu na mkoba kama kawaida, akavifungia. Zubeida alikuwa ameshavuka uwanja mzima, ameshaushika mlango wa kantini, ndipo alipokumbuka. Karatasi ilikuwa mkobani. Aliona kupitia kioo cha mlango kwamba hapakuwa na wakati wa kurudi.

Walikuwa wameketi meza yao ya siku zote, kumi na mmoja, githeri mbele yao. Kamera mbili mpya, kama zile za darini, zilikuwa ukutani. Gachau alikuwa meza ya pembeni peke yake, sahani upande huu, simu upande huu. Hakuwa akila. Alikuwa akingoja, na Zubeida, aliyesoma nyuso za watu maisha yake yote, alijua anangoja nini.

Sasa afanye nini? Angekuwa anasikia, angenong'ona. Lakini onyo lolote la mikono lingesomwa kabla ya kumfikia mwenzake. Hata kusema "nyamazeni" kungekuwa kusema. Alienda akasimama mbele ya Nyawira, akayakodoa macho, akayapeleka kwenye kamera, akayarudisha, akayapeleka tena.

Nyawira alimtazama hivyohivyo. "Macho yako yana nini? Na si uko Kamakis leo?" Kisha akaweka kijiko chini, akawaelekea wenzake, mikono yake ikainuka kuanza. "Haya, tusipoteze muda. Kesho..."

Zubeida alimshika mikono.

Aliishika yote miwili, kwa nguvu, mbele ya watu. Meza nzima iliganda. Uso wa Nyawira ulibadilika rangi. Alikuwa na miaka arobaini na tatu, na hakuna aliyemfanyia hivyo tangu akiwa msichana wa sare. Alijinyakua. Zubeida hakumwachia. Alimvuta chini mpaka wakaketi pamoja kwenye benchi, akaipeleka ile mikono chini ya meza, ndani ya aproni, akamfungua kiganja kwa lazima na kuanza kumwandikia humo kwa kidole. Ndivyo walivyofanya zamani chini ya madawati, mwalimu akiwa amesimama mbele yao. K. A. M. Nyawira alikuwa bado anavuta. E. R. A. Akaacha kuvuta. Zubeida aliandika yote, polepole, akihisi kile kiganja kinavyozidi kuwa baridi. Alipofika mwisho Nyawira alimbana kidole mara moja. Ameelewa.

Alhamdulillahi, Zubeida alisema moyoni. Akainua macho.

Kaluki alikuwa amesimama. Yule Kaluki aliyezirai kwenye moshi, mtu wa mikono mikubwa, ambaye akiongea hata walio nje ya dirisha wanapata habari. Alikuwa ameona matusi mabaya kuliko yote yakifanyika kwa rafiki yake, na hakuona yaliyofuata chini ya meza. Alikuwa amekasirika kwa haki.

"Zubeida, una wazimu? Unamshika mwenzako mikono?" Akawageukia wengine. "Ameogopa huyu! Hataki Nyawira ampe afisa zile picha za kufuli!" Na kwa kila neno alitaja jina, kidevu mara mbili, kidevu mara mbili, kama mtu anayegonga mlango.

Zubeida aliruka kumfikia. Meza ilikuwa katikati yao.

Upande wa pili, simu ya Gachau iliwaka. Aliisoma. Akaisoma tena, midomo ikitembea. Hakumtazama Kaluki hata kidogo. Alimtazama Nyawira, moja kwa moja, akajifuta mikono na kitambaa, akasimama, akatoka kuelekea getini kwenye kabati la simu. Ufunguo wa akiba alikuwa nao yeye.

Saa tisa Nyawira aliitwa ofisini. Saa tisa na robo alitoka na mfuko wake. Zubeida alimfuata mpaka nje ya geti, ng'ambo ya barabara, mahali ambapo hakuna kamera, au walidhani hakuna. Nyawira alikuwa ameishika simu yake mkononi. Ilikuwa imefutwa kila kitu, hata picha za arusi ya mwanawe.

"Walinionyesha maneno," Nyawira alisema. "Yameandikwa kwa jina langu. Kompyuta ilijuaje kwamba kidevu ni mimi?"

Zubeida angeweza kudanganya. Ayub angebeba, au Mansi. Alitamani sana kudanganya.

"Mimi ndiye niliyeiambia."

Nyawira alijifunga leso kichwani vizuri, akavuka barabara, akaenda.

Jumanne asubuhi Gachau alilitoa kufuli saa mbili, akaufungua mlango wa nyuma wazi, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi jua liliingia mpaka kwenye cherehani za mwisho. Afisa alifika saa nne, mwanamume mzima mwenye faili na kofia ya plastiki. Alisimama mlangoni, akatikisa kichwa kukubali, akaandika. Wanawake kumi na mmoja walikuwa wameinama. Hakuna mkono uliokuwa hewani.

Kisha afisa akamwambia Gachau kitu, akinyoosha kidole kwao. Zubeida alisoma midomo: Hawa nao, wana maoni gani?

Gachau alitabasamu kwa fahari. Alitoa simu, akamsogelea aliye karibu, na aliye karibu alikuwa Zubeida. Aliishika simu mbele ya uso wake, kioo kikimwelekea Zubeida, akimweleza afisa kwa bashasha jinsi kiwanda kilivyonunua mtambo wa kisasa kwa ajili ya wafanyakazi hawa. Afisa alifurahi. Akamwashiria Zubeida: sema, mama, usiogope.

Hii ilikuwa ndiyo siku yenyewe aliyoahidiwa na Mansi, kwamba atasimama mbele ya mtu mkubwa na kusema peke yake, bila mtoto wa kumtafsiria. Kazi yake ingeisha leo. Na iishe. Alifikiria Kaluki akiburutwa kwenye moshi. Aliinua mikono, akasema polepole, wazi, kama alivyosema mara elfu mbele ya ukuta mweupe.

"Mlango huu hufungwa kwa kufuli kila siku. Leo wamelitoa kwa sababu yako. Moto ukija, tutafia hapa."

Maneno yalijitokeza kwenye kioo, mbele ya macho yake, moja baada ya jingine. MLANGO HUU HUFUNGWA KWA KUFULI KILA SIKU. Hata kosa moja halikuwepo. Hapakuwa na nafasi tupu. Ilikuwa imemwelewa yote, hadi neno la mwisho.

Gachau aliigeuza simu upande wake. Aliisoma, bila haraka. Akaizima, akaitia mfukoni, akamgeukia afisa, na Zubeida akasoma midomo yake vizuri kabisa.

"Anasema anashukuru. Wanafurahia kazi."

Afisa alimwinulia Zubeida kidole gumba, akacheka, akaandika kwenye faili. Zubeida alitikisa kichwa, hapana, hapana, akaunyooshea kidole mlango, akafunga ngumi akaizungusha kuonyesha ufunguo, akatoa sauti ile ya kooni ambayo mwalimu alimchapa miaka saba ili aitoe. Afisa aliutazama mlango alioonyeshwa. Ulikuwa wazi. Akaitikia kwa kichwa kwa upole, akampigapiga begani, akasogea mbele pamoja na mwenyeji wake.

Saa tano na nusu Gachau alirudi na kufuli mkononi. Alilifunga, akaujaribu mlango kwa bega mara mbili, kisha akaja kwenye cherehani yenye utepe mwekundu akamwekea Zubeida karatasi ya kumwita ofisini.